Mbacha, Msala na Paa wa Thumni

Miongoni mwa methali ambazo watu wa pwani huzitamka bila ya kuzitazama mara mbili, chache zimechoshwa na matumizi kama ile isemayo "usiache mbachao kwa msala upitao". Mvita na Lamu husikika "usiwate", Unguja na Pemba "usiache"; tofauti ni ya lahaja tu, na funzo linalotolewa huwa ni lile lile. Huambiwa kijana anayetaka kuuza ngalawa ya marehemu baba yake ili anunue boti ya faiba na mashine. Huambiwa mwanamume aliyeanza kuchoshwa na mkewe. Huambiwa mpangaji, mwajiriwa, hata mshairi anayetaka kuiacha bahari aliyoizoea ajaribu nyingine. Kila inapotamkwa, hukusudiwa kuwa ndiyo neno la mwisho: tosheka na ulicho nacho, kilicho bora zaidi si chako.

Madarasani nako mambo hayatofautiani. Methali hii huwekwa katika fungu la methali za kukinai, pamoja na "heri kenda shika kuliko kumi nenda uje", kisha mwanafunzi huulizwa maana na matumizi yake, na jibu moja hupata alama zote. Lakini jibu hilo lina tatizo ambalo mtu anayeijua historia ya visiwa hivi na mwambao wake hawezi kulipuuza. Hawa ni watu walioishi kwa kubadilishana. Kaskazi ililetea bandari zao majahazi yaliyosheheni tende, nguo na vyombo vya udongo. Kusi iliyarejesha majahazi hayo hayo yakiwa na boriti za mikoko, pembe na, tangu karne ya 19, karafuu. Mji uliojengwa kwa kutoa kimoja na kupokea kingine kilicho bora machoni pa mwenye kukipokea hauwezi kuwa umejitungia methali ya kuilaani riziki yake. Ama watu hao walikuwa wanafiki, ama methali haisemi kile inachosingiziwa. Ushahidi wa lugha, na baada yake ushahidi wa hadithi na wa tenzi, unaelemea upande wa pili.

Silabi mbili zinazofanana

"Mbachao" ni mbacha wako, kama vile "mkeo" ni mke wako na "mwanao" ni mwana wako. Ile o ya mwisho ni ya kumiliki. "Upitao" ni ule ambao unapita, na o yake ya mwisho ni ya urejeshi. Kwa sikio ni sauti moja, na zaidi ya hapo ni kina kimoja, kwa sababu a iliyotangulia nayo ni ile ile. Kwa sarufi ni vitu viwili visivyojuana. O ya kwanza inasema: ni wako. O ya pili inasema: ndio huo, unakwenda zake. Sikio hudanganywa likaona mbacha na msala vimelingana, na hivyo ndivyo jicho la mwenye kutamani linavyodanganyika likadhani kwamba kilicho chini ya magoti yake na kinachopita mlangoni pake ni vitu vya daraja moja, vimewekwa mbele yake achague.

Mizani nayo ina lake la kusema. Kipande cha kwanza, u-si-a-che mba-cha-o, kina mizani 7. Kipande cha pili, kwa m-sa-la u-pi-ta-o, kina mizani 8. Mtunzi anayetaka kuitia methali hii katika mshororo wa mizani 16 hulazimika kukijazia kipande cha kwanza, na njia nyepesi ni kuongeza kiambishi cha kitendwa akasema "usiuache mbachao". Hapana haja ya kudai kwamba aliyeitunga alikaa akahesabu. Yatosha kwamba vizazi vilivyoipokea, navyo vilikuwa vizazi vya watu waliozoea kuhesabu mizani, havikuona dharura ya kuirekebisha. Upande wa mbacha umepunguka, upande wa msala umetimia. Methali haimdanganyi msikilizaji kwa kumwambia kuwa alicho nacho ni kikamilifu. Inakiri, hata kwa mapigo yake, kuwa kina upungufu, na bado inamwambia asikiache.

Lakini jambo kubwa zaidi ni lile ambalo methali imelinyamazia. Haikusema kuwa msala ni mzuri. Haikusema kuwa ni mpya, wala kuwa ni wa thamani. Imeupa sifa moja tu, nayo ni kupita. Uzuri wote ambao msikilizaji anauona katika msala ule ameutia mwenyewe, kwa kule kuulinganisha na mbacha wake uliochakaa. Na wenye lugha hii hii wamesema mahali pengine kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msala unaopita huenda upo begani mwa mwenyewe anayekwenda msikitini, na hapo hauuzwi. Au huenda upo mkononi mwa mchuuzi anayeutembeza mtaa kwa mtaa, na hapo una sababu ya kutembezwa. Katika hali zote mbili, anayeutupa mbacha wake kwa kuuona tu ule mwingine atasali sakafuni.

Hapo ndipo kitenzi cha methali kinapopata uzito wake. Haikusemwa usibadili, wala usiuze, wala usinunue. Imesemwa usiache. Kubadilishana ni tendo la mikono miwili: mmoja unatoa, mwingine unapokea, na kabla ya wa kwanza kufunguka wa pili huwa umekwisha kushika. Kuacha ni tendo la mkono mmoja. Methali inayokataza kuacha haijakataza kubadili, na aliyeziunganisha hukumu hizo mbili ameongeza neno ambalo wazee hawakulisema. Kwa maneno mengine, methali hii ya kukinai, ikisomwa kwa makini, ni methali ya soko: inamfundisha mtu utaratibu wa biashara, si kuikimbia biashara.

Mbacha una mwisho wake

Ni vyema kuukumbuka mkeka wenyewe, kwa sababu methali hufa pale kitu kilichotajwa ndani yake kinapogeuka kuwa neno tupu. Msala wa asili wa mwambao ni kazi ya ukindu. Majani huchumwa, huanikwa, huchanwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa ukili mrefu, na ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka upatikane mkeka. Hauchakai kwa usawa. Huanza kulegea pale magoti yanapotua na pale kipaji cha uso kinapogusa, na baada ya miaka mingi mtu anaweza kuutambua msala wake kwa alama hizo. Mbacha, basi, ni msala ulioandikwa na mwili wa mwenyewe. Kule kuchakaa ndiko kumiliki kwenyewe. Ile o ya "mbachao" haikupatikana dukani, imepatikana kwa kurudi mahali pamoja kila siku.

Hata hivyo, mbacha una mwisho wake. Inafika siku nyuzi zinaachia, ukili unafumuka, na kilichobaki hakimstiri mtu na vumbi. Juu ya siku hiyo methali haisemi kitu, na wale wanaoitumia dhidi ya maskini wanaifanya iseme. Hadithi mashuhuri zaidi juu ya mtu aliyefikwa na siku hiyo haikutungwa pwani. Ni ile ya Mrusi Nikolai Gogol, iliyotoka mwaka 1842, juu ya Akaky Akakievich, karani wa kunakili hati mjini Saint Petersburg, na koti lake la baridi. Koti hilo limechanika mpaka makarani wenziwe hawalipi hata heshima ya kuliita koti. Akaky hana tamaa ya jipya. Anakwenda kwa mshoni Petrovich kuomba kiraka tu, naye mshoni anakataa, kwa kuwa kitambaa kimeoza na kiraka hakina pa kushika. Jipya, anaambiwa, litagharimu rubli 150 na zaidi. Akaky anajinyima chai ya jioni, anazima mshumaa, anatembea kwa kunyata asimalize soli za viatu. Analipata koti, analivaa siku moja, na usiku wa siku hiyo hiyo ananyang'anywa.

Msomaji wa haraka aliyelelewa na methali za kukinai atasema: huo ndio msala upitao. Hukumu hiyo ina ukatili ndani yake. Akaky hakuacha mbacha. Mbacha ulimwacha yeye, na baridi ya kaskazini haishawishiki kwa nasaha. Wala Gogol hakumlaumu kwa kununua. Lawama yake imeangukia kwa mkubwa wa serikali ambaye, karani alipomwendea kuomba msaada, alimkaripia mpaka akatolewa nje hajiwezi. Pwani nako, methali ya mbacha inapotoka kinywani mwa mtu ambaye msala wake mzima, ikaelekezwa kwa mtu ambaye hana hata mbacha, haiwi tena hekima. Inakuwa mlango uliofungwa kwa adabu.

Ni hivyo pia katika mambo ya ndoa, ambako methali hii hupendwa mno. Anayemtetea mke wa kwanza kwa kumwita mbacha hudhani anamsifu. Hapana ajabu mwanamke anayesifiwa hivyo akaona ametukanwa, kwa kuwa katika tafsiri ya kawaida kinachosikika ni kuchakaa, kisha kumilikiwa, na heshima haimo. Kama methali ingesomwa kwa ile o yake ya kurudi kila siku, sifa ingekuwa ya mume na mke waliozoeana, si ya chombo kilichozeeka. Hata hapo, ulinganisho wa mtu na kitu ungebaki na kasoro, na kasoro hiyo haitibiki ndani ya methali yenyewe. Inahitaji umbo jingine la fasihi, lenye nafasi ya kumwonesha mke akitenda. Umbo hilo lipo, na ni la Unguja.

Paa wa thumni

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuwa amefika Unguja mwaka 1864, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Ndani yake imo hadithi ya Sultani Darai, ambayo wengi wameisikia utotoni kwa jina la hadithi ya paa. Haikusomwa mara nyingi kama hadithi ya kubadilishana mali, ingawa muundo wake wote ni huo.

Maskini mmoja anaishi kwa kupekua jaani akitafuta chembe za mtama, kama kuku. Siku moja anaokota thumni, sehemu ya nane ya riale. Anapita mtu na tundu la paa. Maskini anamwita, na waliopo wanamcheka muuzaji kwa kumsikiliza mtu asiye na kitu. Maskini anatoa thumni yake, ambayo ndiyo mali yake yote, anapewa paa, na sasa anachekwa yeye. Kwa kipimo cha methali kama inavyofundishwa, hili ndilo kosa lenyewe hasa. Mbacha wake ni ile thumni. Msala unaopita ni paa, tena kwa maana halisi, kwa kuwa muuzaji alikuwa njiani anapita. Hadithi ilipaswa kumwadhibu papo hapo. Badala yake, inampandisha.

Paa anazungumza. Anaomba ruhusa aende malishoni mchana na kurudi jioni, kwani bwana wake hana cha kumlisha. Huko anakuta almasi kubwa. Haimletei maskini, anaichukua mpaka kwa sultani wa mji wa mbali, anaitoa kuwa ni zawadi ya bwana wake, ambaye anampa jina la Sultani Darai, na anamposea binti wa sultani. Almasi inageuka mke, na jina linageuka cheo. Kisha paa anakwenda kwenye nyumba ya joka la vichwa saba, analiua, na nyumba ile pamoja na yote yaliyomo inakuwa ya bwana wake. Thumni, paa, almasi, mke wa kisultani, nyumba ya joka: kila hatua ni kitu kilichotolewa kwa kingine kilicho bora na cha thamani zaidi, na msimulizi hana hata neno moja la kulaumu. Anasimulia kwa raha, na hadhira hufurahi pamoja naye.

Hatua moja tu haimo katika mnyororo huo, na ndiyo inayoshikilia hatua zote. Paa mwenyewe hakutolewa kwa kitu. Kila kingine kimebadilishwa. Yeye ndiye anayebadilisha. Na jambo linalomfanya awe wa maskini si bei aliyolipiwa. Kila asubuhi anakwenda, na kila jioni, ingawa hakufungwa kamba, anarudi. Kilichoanza kuwa "upitao" kimekuwa "wako" kwa kurudi. Hadithi imezikutanisha zile o mbili za methali ndani ya kiumbe mmoja: anapita, na ni wako.

Hapo ndipo hadithi inapouweka mtihani wake. Paa anaumwa. Yuko chini, bwana wake yuko ghorofani. Anamtuma kikongwe aliyekuwamo ndani ya nyumba ile ampelekee bwana habari. Bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama. Kikongwe anarudi tena na tena, mke naye anashangaa na kusihi, na jibu la mume linashuka kutoka juu likiwa na hoja moja: mnyama huyu alinunuliwa kwa thumni, basi akifa kimepotea nini?

Katika Kiswahili cha hadithi hakuna hukumu nzito kuliko hesabu hiyo. Kila kitu alicho nacho mtu yule kimepanda bei mara elfu, isipokuwa kitu kimoja ambacho amekiacha na bei ya siku ya kukinunua. Hakukosea kwa kubadili. Hakukosea hata kwa kutamani. Amekosea katika kuthamini: amesahau kwamba thumni ile haikununua nyama ya paa tu, imenunua kila kilichofuata. Na msimulizi hakuhitaji kueleza, kwa sababu mtama ameuweka mwanzo na mwisho. Chakula alichokuwa akikipekua jaani alipokuwa maskini ndicho anachomteremshia aliyemtoa jaani.

Paa anakufa, na mzoga wake unatupwa kisimani. Sasa mke anatenda. Anaandika barua kwa baba yake. Baba anakuja na watu wake, paa anatolewa kisimani na kuzikwa kwa heshima na kilio. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndani ya nyumba ile daftari lilikuwa la mke, na ndiye peke yake aliyejua kusoma nini kimetoka na nini kimeingia. Huyu si mbacha wa mtu. Usiku ule anaota yuko kwao, anaamka na yuko kwao. Mume naye anaota anapekua jaani, na anapoamka mikono yake imo vumbini.

Wapo wanaousoma mwisho huo kuwa ni adhabu ya kutokukinai. Usomaji huo hausimami. Aliyekinai angebaki na thumni yake, na hadithi isingekuwapo. Mwisho ule ni urejeshaji wa hesabu: mtu aliyesisitiza kwamba paa ni wa thumni amerudishiwa dunia ambamo paa ni wa thumni, wala si zaidi, na dunia hiyo haina mke, wala nyumba, wala cheo. Amepewa sawasawa na kipimo chake mwenyewe.

Kidani cha Inkishafi

Mpenzi wa tenzi ana haki ya kuuliza kama hoja hii haivunjwi na utungo mkubwa kuliko yote ya mwambao juu ya mali na kupotea kwake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, inasimama kama onyo kwa kila aliyepata kilicho bora. Utenzi huo, uliochapwa London mwaka 1939 na William Hichens, unaeleza majumba ya wenye mali wa Pate: taa zake, vitanda vyake, vidaka vya kutani vilivyopangwa vyombo vya Kichina. Kisha unaonesha vidaka hivyo hivyo vimekuwa viota vya ndege, na wenyewe wamo makaburini. Waliofikia msala wa thamani kuliko yote wameondoka, na msala wenyewe umebomoka.

Lakini Inkishafi haiwashauri watu wa Pate warudi kwenye mbacha. Mshairi hakusema kwamba wangeishi katika vibanda wangenusurika. Hapana mstari unaowaonea haya mafundi wa vidaka, na maelezo ya uzuri wa majumba yale yametungwa na mtu aliyeupenda uzuri huo na kuuomboleza. Anachomwambia moyo wake ni kwamba ulimwengu wote ni "upitao", mbacha na msala pamoja, na anayeuthamini kwa bei ya leo atakosea kama alivyokosea bwana wa paa, ingawa kwa upande wa pili. Yule alikipa cha thamani bei ya chini. Hawa walikipa cha kupita bei ya kudumu. Kosa ni moja, nalo ni la mizani ya kupimia. Hata katika sura ya Al-Baqara, aya ya 61, wana wa Israili wanapochoka na mana na salwa wakataka matango, thumu, adesi na vitunguu, swali wanaloulizwa halihusu kubadili. Linahusu kubadili kilicho bora kwa kilicho duni, yaani kutokujua kipi ni kipi.

Kuna jambo jingine katika utungo huo ambalo hupitwa. Mwanzoni mshairi anaufananisha utungo wake na kidani cha lulu anachokitunga. Mtu anayekusudia kuwatahadharisha watu na mapambo ameanza kwa kuwapa pambo. Hilo si kujipinga. Katika mji ambao fedha ilikuwa inageuka vumbi, ameweka mkononi mwa wasomaji kitu badala ya kitu: majumba yameanguka, kidani kipo. Kwa zaidi ya karne mbili watu wamekivaa, wamekinakili, wamekikariri, na kila anayekirudia anakifanya chake kwa njia ile ile mbacha unavyokuwa wa mwenyewe. Basi hata Inkishafi ni tendo la kubadilisha, na ni biashara iliyopata faida.

Hayo yana maana kwa mashairi yanayotungwa sasa. Ipo shehena kubwa ya tungo zinazolia kwamba vya kale vilikuwa bora na vipya ni hasara: jahazi dhidi ya boti, ukindu dhidi ya plastiki, mlango wa nakshi dhidi ya mlango wa chuma. Huzuni yake ni ya kweli, lakini fikra yake ni nyepesi, kwa sababu inaishia pale methali ya darasani inapoishia. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ung'olewapo ukauzwa, shairi la kawaida humlaani aliyeuuza. Haliulizi kama dari ilikuwa inavuja, kama mbacha wake ulikwisha fumuka, kama alikwenda kuomba kiraka akanyimwa. Wala haliulizi swali gumu zaidi: mlango ule uliandikwa bei gani katika daftari lake? Kama aliuthamini kwa bei ya mbao na misumari, amefanya alivyofanya bwana wa paa. Kama alijua umepokea na kuaga vizazi vingapi, na bado akauuza ili watoto wasinyeshewe, basi hilo ni jambo la msiba, na msiba unastahili utenzi, haustahili karipio.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, husema watu wa pwani, na ndani ya msemo huo raha na maumivu vimewekwa pamoja bila ya kimoja kukifuta kingine. Ushairi wa visiwa hivi una uwezo wa kusema yote mawili. Unahitaji tu kuacha kuitumia methali ya mbacha kama kufuli, na kuanza kuisoma kama wazee walivyoitunga: kwanza usimamishe msala unaopita, uukunjue, uutazame ukili wake, na wakati wa kukadiria, umkadirie pia paa aliye chini ya ngazi.